Mchagua jembe si mkulima: Maisha ya Mohamed Amin, mtoto wa kamera ya boksi

Huku kwetu Pwani vijana wanaojifunza kupiga picha wamekuwa wengi. Utawakuta Fort Jesus jioni jua likishuka, utawakuta kwenye harusi za Mji wa Kale, na siku za maulidi utawakuta Lamu wamebanana vichochoroni, kila mmoja na alichonacho. Ukikaa nao dakika kumi utasikia kilio kile kile. Kamera ya maana hana, lenzi ni ghali, taa hana, na fulani anapata kazi kwa sababu mjomba wake wa Ulaya amemletea vifaa. Wengine wamekwisha kuahirisha ndoto zao mpaka siku watakapopata laki mbili au tatu.

Wazee wetu wana neno lao kuhusu jambo hili: mchagua jembe si mkulima. Sitaki kulitumia kama rungu la kumpigia kijana asiye na kitu, maana vifaa vina umuhimu wake na nitalifikia hilo. Lakini yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yanaueleza msemo huu kuliko mawaidha yoyote. Alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, akafungwa Zanzibar na akafia kwenye maji ya Ngazidja. Alitutoka tarehe 23 Novemba 1996, na vijana wengi waliozaliwa baada ya hapo wameziona picha zake bila kulijua jina lake.

Mohamed Amin, ambaye waandishi wa habari walimzoea kwa jina fupi la Mo, alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh. Wazazi wake walikuwa Waislamu wenye asili ya Punjab, na babake alikuwa mtu wa reli. Haikuwa nyumba ya matajiri. Mo akiwa bado mdogo familia ilihamia Dar es Salaam, wakati huo mji mkuu wa Tanganyika chini ya Waingereza. Kwa hivyo ingawa alizaliwa bara, utoto wake ulikuwa wa pwani kama wetu, wa bandari, jua kali na mitaa ya watu wa kila asili.

Huko ndiko alikoipata kamera yake ya kwanza, Box Brownie kuukuu. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, nieleze kidogo. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza Brownie mwaka 1900 kwa bei ya dola moja, ikiwalenga watoto na watu ambao hawajawahi kushika kamera. Ni kiboksi tu. Mbele kuna lenzi moja isiyosogea, ndani kuna nafasi ya filamu, juu kuna kidirisha kidogo cha kuchungulia, na pembeni kitufe. Kitu kilicho mbali huwezi kukivuta karibu. Kilango kinachopitisha mwanga kina mwendo mmoja, tena wa polepole. Aina nyingi za kamera hizo zilitoa picha nane kwa roli nzima ya filamu, basi.

Ukiwa na kitu cha namna hiyo, huna la kubadilisha ila wewe mwenyewe. Ukitaka sura ya mtu ionekane vizuri, sharti utembee mpaka umfikie, na kumfikia mtu kunataka salamu na adabu. Ukitaka mwanga mzuri, sharti ujue jua linapita wapi asubuhi na wapi alasiri, kwa sababu kamera haitakusaidia kivulini. Gari likipita mbele yako kwa kasi litatoka ukungu mtupu, kwa hivyo unajifunza kulisubiri kwenye kona linapopunguza mwendo, au kulipiga likikujia uso kwa uso. Na kwa kuwa una picha nane tu, na filamu inanunuliwa kwa pesa, hubonyezi ovyo. Unaangalia kwanza, unasubiri, halafu ndipo unabonyeza.

Mo aliyapata masomo hayo akiwa mwanafunzi. Shuleni alijiunga na wenzake waliopenda upigaji picha, akajifunza kazi ya chumba cha giza, yaani kuisafisha filamu kwa dawa na kuitoa picha kwenye karatasi kwa mikono yake. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na simu kabla hujapepesa jicho. Wakati ule mtu alisimama gizani akiyatazama makosa yake yakijitokeza polepole kwenye karatasi, na kila kosa lilikuwa limemgharimu karatasi na dawa.

Jambo la pili alilolijua mapema ni kwamba picha haina maana ikikaa sandukuni. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa habari kubwa kila yanapofika. Mo, kijana wa shule, aliyapiga picha na kuziuza magazetini. Hapo utaona tofauti kati yake na watoto wengine waliokuwa na kamera. Hakuwa akipiga tu apendacho. Alijiuliza ni nani anayeihitaji picha hii, anaihitaji lini, na itamfikiaje. Mhariri wa gazeti haulizi kamera yako iligharimu kiasi gani. Anauliza kama picha ipo mezani kabla ya saa ya kuchapa.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20 au pungufu kidogo, alianzisha kampuni yake Dar es Salaam akaiita Camerapix. Ilikuwa biashara ndogo ya kijana, katika mji ambao mashirika makubwa ya habari ya Ulaya yalikuwa na watu wao wenye vifaa bora kuliko vyake. Lakini hao walikuwa wageni. Mo aliijua mitaa, alikijua Kiswahili, na alikuwa na marafiki bandarini, polisi na maofisini. Mtaji wake ulikuwa huo.

Miezi michache baadaye mtaji ule ulianza kulipa. Januari 1964 kulitokea Mapinduzi ya Zanzibar, tukio ambalo hadi leo linauma katika nyumba nyingi za huku kwetu, na siku chache baadaye wanajeshi wa Tanganyika wakaasi. Mo alizipiga picha habari zote mbili. Kwa shirika la London yalikuwa matukio ya mbali yaliyohitaji kumtafutia mtu ndege na vibali. Kwa Mo yalikuwa nyumbani.

Wakati huo alikuwa amekwisha kujifunza pia kupiga filamu za televisheni. Tusidhani kwamba sasa alikuwa ametoka kwenye shida ya vifaa. Kamera nyingi za filamu ya milimita 16 walizotumia watu wa habari miaka ile zilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na roli moja ya futi 100 ilikwisha chini ya dakika tatu. Ikisha, unabadilisha roli huku tukio linaendelea. Kisha filamu inapelekwa uwanja wa ndege na kusafirishwa Ulaya ikasafishwe huko. Hukuweza kutazama pale pale kama umepata au umekosa. Aliyezoea kuhesabu picha nane za Brownie alikuwa tayari amefunzwa kuhesabu sekunde za roli.

Kazi hii ilikuwa na gharama yake nyingine. Mwaka 1966 Mo alikamatwa Zanzibar, akatiwa gerezani karibu mwezi mzima, akateswa, kisha akafukuzwa na kurudishwa Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 22 au 23. Kampuni aliyoijenga Dar es Salaam ilibidi aianze upya Nairobi. Wapo ambao wangeiacha kamera hapo na kutafuta kazi ya kukaa kivulini, na hakuna ambaye angewalaumu.

Nairobi hakukawia kujulikana. Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Mo alikuwa miongoni mwa watu wa habari wa mwanzo kufika, na picha za jitihada za kumwokoa Mboya, ambazo Wakenya wameziona kwa zaidi ya miaka 50, ni zake. Hakuna kifaa kinachokufikisha mapema mahali pa tukio. Kinachokufikisha ni kuwa umeiweka kamera tayari, filamu imo, petroli ipo, na watu wanajua kwamba ukipigiwa simu unatoka.

Miaka ya sabini alikuwa kila mahali. Alikuwa Uganda wakati wa utawala wa Idi Amin, aliyewafukuza Waasia mwaka 1972 kwa kuwapa siku 90 waondoke. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake cha picha za Hija, kazi ambayo sisi Waislamu tunapaswa kuikumbuka, kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyesimama Makka akiwa hujaji na mpiga picha kwa wakati mmoja. Vikafuata vitabu vya nchi yetu, vya Ziwa Turkana na vya safari ya Kenya nzima. Kufikia hapo Camerapix ilikuwa na kamera nzuri, lenzi nzuri na wafanyakazi. Hili ndilo nililosema nitalifikia. Mo hakudharau vifaa. Alivinunua vilivyo bora kila alipoweza, kwa sababu kazi za kimataifa zilivihitaji. Lakini kazi ndiyo iliyovinunua. Hakuvingojea ndipo aanze.

Kisha ikaja Oktoba 1984. Kaskazini mwa Ethiopia watu walikuwa wakifa kwa njaa, iliyoletwa na ukame na kuzidishwa na vita. Serikali ya Addis Ababa haikupenda jambo hilo lionekane, na ruhusa ya kwenda huko ilikuwa ngumu kupatikana. Mo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejenga ujamaa na watu wa Addis kama alivyofanya kila mahali, alihangaika mpaka njia ikapatikana. Yeye na mwandishi wa BBC, Michael Buerk, wakafika mahali paitwapo Korem.

Aliyoyapiga pale alfajiri yalionyeshwa BBC tarehe 23 Oktoba 1984, kisha yakarushwa na mamia ya vituo vya televisheni duniani. Ukizitazama picha zile leo, utaona hazina ufundi wa kujionyesha. Kuna baridi ya asubuhi, ukungu, watu kwa maelfu wamejifunika mashuka, wengine hawainuki tena. Kamera inapita polepole, haimkimbii mtu na haimrukii. Mtu aliyejifunza tangu utotoni kwamba ili kumpiga mtu picha sharti umsogelee kwa miguu yako, hapo alijua jinsi ya kusogea.

Watazamaji wa Uingereza walishtuka. Mwanamuziki Bob Geldof akawakusanya wenzake wakatoa wimbo wa kuchangisha pesa kabla ya Krismasi, Wamarekani wakafanya wao mwaka uliofuata, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia. Mamilioni ya pesa yakapatikana na watu wengi wakaokolewa. Wapo waliosema baadaye kwamba picha za namna ile ziliufanya ulimwengu uione Afrika nzima kuwa ni njaa tu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Kijana mwenye kamera aifikirie. Lakini pia afikirie upande wa pili, kwamba watu wa Korem walikuwa wakizikwa bila yeyote kujua, mpaka alipofika mtu aliyekataa kurudi Nairobi bila picha.

Juni 1991 Mo alirudi Addis Ababa, serikali ya Mengistu ikiwa imeanguka. Ghala la silaha lililipuka wakiwa kazini. Msaidizi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa, na Mo akapoteza mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka 47, ana jina, ana vitabu, ana kampuni. Mpiga picha hufanya kazi kwa mikono miwili, mmoja wa kushika na mmoja wa kubonyeza na kurekebisha. Angeweza kuwatuma vijana wake yeye akabaki ofisini.

Hakubaki. Alitiwa mkono wa bandia, vifaa vikarekebishwa ili aweze kuvitumia, na baada ya miezi akawa uwanjani tena. Nikiyatazama maisha yake yote, naona hapa ndipo somo la Brownie lilipomlipa zaidi. Mtu aliyezoea kuwa na kila kitu angeona mkono mmoja ni mwisho wa kazi. Mo alikuwa amewahi kuwa mtoto wa kiboksi kisichobadilishika, akajifunza kuuliza kwanza: nilichonacho kinaweza kufanya nini? Swali hilo ndilo alilolirudia akiwa na miaka 47.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi, pamoja na mwandishi mwenzake wa miaka mingi, Brian Tetley. Watu watatu waliiteka ndege wakitaka ipelekwe Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatafika, hawakusikia. Mafuta yakaisha juu ya bahari yetu hii, na ndege ikaanguka majini karibu na ufuo wa Ngazidja, mbele ya hoteli ya watalii. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, na Mo na Tetley walikuwa miongoni mwao. Wavuvi, wenyeji na watalii waliingia majini kuwaokoa waliobaki hai.

Ajali ile ilipigwa filamu. Mtalii mmoja aliyekuwa ufuoni na kamera ndogo ya video ya likizo aliiona ndege inashuka, akainua kamera yake na kuiwasha. Dunia nzima iliiona filamu hiyo, na mpaka leo ndiyo inayoonyeshwa kila ajali ile inapotajwa. Hakuwa mtu wa habari wala hakuwa na kifaa cha maana. Alikuwepo, na kamera ilikuwa mkononi. Kwa miaka zaidi ya 30 Mo alikuwa ameijenga riziki yake juu ya jambo hilo hilo.

Kwa kijana wangu wa Kibokoni, wa Malindi, wa Kwale au wa Faza, ninalo la kukuomba, tena ni dogo. Hiyo simu uliyonayo ina uwezo ambao Mo wa mwaka 1955 asingeuota. Jiwekee sharti la Brownie kwa mwezi mmoja. Picha nane kwa siku, hakuna kuvuta karibu kwa vidole, hakuna kufuta. Ukitaka karibu, tembea, toa salamu, omba ruhusa. Jioni zitazame zote nane, na zilizoharibika zitazame zaidi, ujue ziliharibikia wapi. Tafuta habari moja iliyo mtaani kwako ambayo mgeni wa Nairobi hawezi kuipata bila wewe: wajenzi wa majahazi, akina mama wa mwani, gati linaloporomoka, vijana wa mpira wa mchangani. Ifuate mpaka iishe. Kisha mtafute anayeihitaji, umpelekee kwa wakati.

Mwezi ukiisha, kama bado unaona kamera kubwa inahitajika, basi utakuwa unajua inahitajika kwa kazi gani, na huenda kazi yenyewe imeanza kukuonyesha pesa yake itatoka wapi. Na wazazi wenzangu, mtoto akishinda na simu nje akipiga picha za mashua, msikimbilie kumwambia anapoteza wakati. Muulizeni awaonyeshe alichopata.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mohamed Amin, na awarehemu wote waliozama naye siku ile.